Nichelle Nichols na jina la Uhura: kwa nini anakumbukwa hivi wakati maneno aliyopewa yalikuwa machache?

Mtazamaji wa Usiku ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Nimeanza kuitazama tangu mwanzo ile tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga, Star Trek, ambayo NBC iliirusha kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi Juni 1969. Aliyenivuta si nahodha, wala yule msaidizi wake mwenye masikio yaliyochongoka, bali mwanamke mweusi anayeketi nyuma yao akiwa amevaa gauni jekundu na kifaa cha rangi ya fedha sikioni. Kila baada ya muda huinua mkono hadi kwenye kile kifaa, hugeuka nusu, na kusema kwamba masafa ya mawasiliano yako wazi. Wakati mwingine hayo ndiyo maneno yake yote kwa muda wa saa nzima. Mhusika huyo anaitwa Uhura, na mwigizaji ni Nichelle Nichols.

Jina hilo lilinishtua, kwa kuwa linakaribia sana neno letu, ila mwisho wake umepinda. Nilipoanza kusoma habari zake nikakuta watu wanamtaja pamoja na Martin Luther King, na wanaanga wa Marekani, na busu ambalo wengine wanaliita la kwanza la aina yake, na nikashindwa kutenganisha historia na sifa za mashabiki. Naomba wenye ujuzi wanieleze mambo ambayo kwangu yamekuwa fundo moja: mama huyu alitoka wapi, jina la Uhura lilipatikanaje, na inakuwaje mwigizaji aliyepewa nafasi ndogo namna ile azungumzwe kana kwamba ndiye aliyekuwa kiini cha tamthilia? Sitaki masimulizi matamu tu. Nataka kujua kipi kina ushahidi na kipi kimesimama juu ya neno lake peke yake.

---

Mchambuzi Taratibu amejibu:

Ndugu Mtazamaji, umeuliza vizuri, nami nitaanza na asili yake, maana bila hiyo mambo mengine hayaeleweki.

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1932 katika mji mdogo wa Robbins, jimbo la Illinois, karibu na Chicago, na jina alilopewa ni Grace Dell Nichols. Robbins haukuwa mji wa kawaida kwa Marekani ya wakati ule, kwa sababu uliendeshwa na watu weusi wenyewe, na baba yake, mfanyakazi wa kiwandani, alichaguliwa kuwa meya wake na akawa pia hakimu. Kwa maoni yangu jambo hili halipewi uzito unaostahili. Binti aliyekulia katika nyumba ambamo mtu mweusi akivaa koti anakwenda kuamua kesi hawezi kuiona amri na mamlaka kama mali ya watu wengine, na ukimtazama pale kwenye kiti chake cha mawasiliano utaona mgongo ulionyooka wa mtu asiyeomba radhi kwa kuwapo.

Kazi yake ya kwanza haikuwa uigizaji bali muziki na dansi. Akiwa bado kijana sana alifanya kazi na bendi ya Duke Ellington, na baadaye akaimba na ile ya Lionel Hampton. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa wachezaji dansi katika filamu iliyotokana na opera ya Porgy and Bess. Ndiyo maana katika msimu wa kwanza wa Star Trek utamkuta anaimba katika chumba cha mapumziko cha mabaharia: watayarishaji walijua kuwa sauti wanayo, wakaitumia mara chache kisha wakaiacha, jambo ambalo mimi binafsi huliona kama hasara.

Kuhusu runinga, mlango ulifunguliwa na Gene Roddenberry, ambaye kabla ya kubuni Star Trek alikuwa na tamthilia nyingine iliyohusu wanajeshi wa majini. Nichols aliigiza katika kipindi kimoja kilichohusu ubaguzi kati ya askari mweupe na askari mweusi, na NBC ikakataa kukirusha. Tafakari hilo kidogo. Kazi yake ya kwanza ya runinga ilirekodiwa, ikakamilika, ikafungiwa kabatini kwa sababu ya mada yake. Miaka miwili baadaye mtu yuleyule na kituo kilekile wakamweka mbele ya taifa zima kila juma, safari hii ubaguzi hautajwi kwa jina, kwa kuwa inadaiwa kuwa katika karne ya 23, ambamo hadithi imewekwa, umekwisha.

Ama jina, maelezo yake mwenyewe ni kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya ya mwaka 1962 inayohusu Kenya. Roddenberry alilipenda neno akataka limfae mhusika, lakini akaona ni kali mno kwa mwanamke, ndipo Nichols akapendekeza herufi ya mwisho ilainishwe, na Uhuru akawa Uhura. Jina la kwanza, Nyota, lilikuja miaka mingi baadaye kutoka kwa waandishi wa vitabu, na watazamaji wa sinema walilisikia rasmi katika filamu ya mwaka 2009, wakati mhusika anaigizwa na Zoe Saldana.

Jambo moja la kusahihisha kabla sijanyamaza. Wapo wanaosema kiti kile kilibuniwa kwa ajili yake. Sivyo. Katika kipindi cha pili cha majaribio, ambacho Uhura hayumo, ofisa wa mawasiliano aliigizwa na mwanamume mweusi, Lloyd Haynes. Nichols alikikuta kiti kipo. Alichokifanya ni kukikalia hata leo hatuwezi kumfikiria mwingine.

---

Mpenda Lugha amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu Mchambuzi. Mimi nitabaki kwenye jina, kwani ndiko ninakokula mkate wangu.

Neno letu limetokana na Kiarabu, hurr, nasi tukalipokea kama huru, kisha tukaliwekea kiambishi u- kama tunavyofanya kwa uzuri, uzee na umaskini, likawa jina la hali. Hakuna mahali katika utaratibu huo ambapo irabu ya mwisho hugeuzwa ili kumpata mwanamke. Kwetu jinsia haikai kwenye irabu. Uhuru anaweza kuwa mwanamume, Amani anaweza kuwa mwanamke, na hakuna anayejikwaa. Kulainisha neno kwa kulitia -a mwishoni ni fikra ya lugha za Ulaya, ambako majina mengi ya kike huishia hivyo. Kwa hiyo Uhura si neno la Kiswahili, ni neno lililoshonwa Hollywood kwa kitambaa cha Kiswahili.

Hata hivyo kuna mzaha wa historia hapa. Kiarabu, tofauti na sisi, kinacho kiambishi cha kike, na mwanamke aliye huru huitwa hurra. Wale watu wawili waliokuwa wakibishana ofisini juu ya herufi moja, bila kujua Kiarabu na pengine bila kujua Kiswahili, waligonga ukutani wakatokea kwenye mlango sahihi.

Mwaka pia una maana yake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Kenya tarehe 12 Desemba 1963, na neno lenyewe lilikuwa limeshaingia katika magazeti ya Kiingereza bila kutafsiriwa. Mtazamaji wa Marekani wa 1966 aliyefuatilia habari za dunia alikuwa amekwisha kuliona. Kumpa mhusika mweusi jina hilo, badala ya jina la Kiingereza la kujificha nyuma yake, kulikuwa ni kumtaja kuwa Mwafrika, si mjukuu wa watumwa tu. Mhusika alibuniwa kuwa mtu wa Afrika, na lugha yake ya kwanza ni Kiswahili.

Na Kiswahili chenyewe kimo! Katika kipindi kilekile cha kwanza kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe anayebadilisha umbo anamjia Uhura kwa sura ya kijana mweusi mtanashati na kumsemesha kwa Kiswahili. Usitarajie matamshi ya Pwani. Mimi nilirudia mara tatu ndipo nikakubali kuwa ni lugha yangu. Lakini ilikuwa saa mbili unusu usiku, katika kituo kikubwa cha taifa, na hakuna aliyekuwa anachekwa.

---

Mkosoaji Mpole amejibu:

Ndugu zangu, sina nia ya kumpunguzia marehemu heshima yake, lakini aliyeuliza ametaka ushahidi utengwe na sifa, basi tufanye hivyo.

Kwanza, kazi. Vipindi vilivyorushwa katika misimu mitatu ni 79, na ukivitazama kwa uaminifu utakubali kwamba katika vingi Uhura ni mpokea simu wa angani. Yeye mwenyewe alilijua hilo na lilimuuma. Alieleza kuwa mistari yake ilikatwa kila muswada uliporudiwa, kwamba aliajiriwa kwa malipo ya siku badala ya mkataba wa msimu kama wenzake, na kwamba kuna wakati mfanyakazi wa chumba cha barua alimnong'oneza kuwa barua zake za mashabiki zilikuwa zikizuiwa zisimfikie. Mtu anayesema nafasi ile ilikuwa kubwa anampinga aliyeishika.

Pili, kisa cha Martin Luther King. Msimu wa kwanza ulipokwisha, mwaka 1967, Nichols alimkabidhi Roddenberry barua ya kujiuzulu, kwani alitaka jukwaa la New York, ambako ndiko ndoto yake ilikokuwa. Mwisho wa juma hilo akahudhuria hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, akaambiwa kuna shabiki wake anayetaka kumsalimu, akageuka akamkuta King. Anasimulia kuwa King alimweleza kwamba Star Trek ndiyo tamthilia pekee ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha kuitazama, na aliposikia habari ya kuacha kazi alimkataza, kwa hoja kwamba nafasi ile haikuandikwa kwa ajili ya mweusi wala kwa ajili ya mwanamke, kwa hiyo akiondoka anaweza kuwekwa yeyote na mlango ukafungwa. Jumatatu akarudi kwa Roddenberry, naye akamtolea barua yake kutoka kwenye droo, ikiwa imekwisha kuchanwa vipande vipande.

Hiki ni kisa kizuri mno, na chanzo chake ni yeye. Alikirudia kwa miaka mingi bila kukibadilisha kiini, nami sina sababu ya kumwita mwongo. Ninachosema ni kwamba msomaji akisikie kama ushuhuda wa mtu mmoja aliyekuwapo, si kama kumbukumbu ya mkutano iliyotiwa sahihi.

Tatu, busu. Kipindi kilirushwa tarehe 22 Novemba 1968. Viumbe wenye nguvu za akili wanamlazimisha Nahodha Kirk, yaani William Shatner, kumbusu Uhura. Madai kwamba lilikuwa busu la kwanza la runinga kati ya mweupe na mweusi hayasimami yakichunguzwa: Uingereza ilikuwa na la kwake mwaka 1962 katika mchezo wa runinga, na hapo hapo Marekani Nancy Sinatra na Sammy Davis Jr. walibusiana shavuni katika kipindi cha muziki cha Desemba 1967. Lakini tusije tukatupa mtoto pamoja na maji ya kuogea. Tarehe 12 Juni 1967, yaani mwaka mmoja na miezi mitano tu kabla, ndipo Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta sheria zilizokataza ndoa za rangi tofauti katika majimbo yaliyokuwa bado nazo. NBC iliogopa vituo vya kusini, ikaagiza onyesho lirekodiwe mara mbili, moja lenye busu na jingine lisilo nalo. Kwa maelezo ya Nichols, Shatner aliliharibu la pili kwa makusudi, akikodoa macho na kuyapindisha makengeza mbele ya kamera, na kwa kuwa muda wa studio ulikuwa umekwisha, hapakuwa na la kurusha ila lile la kwanza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: si la kwanza, ila lilikuwa na ujasiri. Wale wanaong'ang'ania neno "kwanza" wanaliponza jambo ambalo lingesimama bila wao.

---

Mchambuzi Taratibu amejibu:

Ndugu Mkosoaji, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, isipokuwa hapo kwenye "mpokea simu".

Tazama jinsi chumba cha uongozi kilivyopangwa. Wenye vyeo wanakaa pale, na Uhura ni luteni miongoni mwao, wa nne katika mlolongo wa amri. Hakuna anayemtuma chai. Hakuna anayeshangaa anapotoa taarifa, na nahodha anapomuuliza jambo la mitambo, anajibu la mitambo. Mwaka 1966 mwanamke mweusi katika runinga ya Marekani alikuwa, mara nyingi, mtumishi wa nyumba ya mtu mwingine. Mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg ameeleza mara kadhaa jinsi alivyokuwa mtoto akamwona Uhura, akapiga kelele kuwaita watu wa nyumbani waje waone mwanamke mweusi kwenye runinga ambaye si mfanyakazi wa ndani. Mtoto hahesabu mistari ya muswada. Anaona nani amekaa wapi.

Na kama tunahesabu, tuihesabu pia ile tamthilia ya katuni ya 1973 na 1974, ambamo sauti ni yake mwenyewe, na katika kipindi kimoja wanaume wote wanapumbazwa na Uhura anashika uongozi wa chombo kizima. Walichoogopa kumpa mbele ya kamera walimpa kwenye mchoro.

---

Fundi Mitambo amejibu:

Nimesoma hadi hapa nikasubiri mtu ataje mwaka 1977, sijamwona. Kwangu mimi huo ndio moyo wa maisha yake, na hauko ndani ya tamthilia hata kidogo.

Tamthilia ilipofutwa mwaka 1969 alipatwa na kinachowapata waigizaji wengi waliokaa kwenye nafasi moja: watu walimwona Uhura, hawakuona mwigizaji. Mwaka 1974 alijitahidi kuvunja sura hiyo katika filamu ya Truck Turner pamoja na Isaac Hayes, akaigiza mwanamke mwovu mwenye mdomo mchafu, na inasemekana ukiitazama humwamini kuwa ndiye yule. Mimi nimeitazama, ni kweli. Lakini njia ile haikumfikisha mbali.

Wakati huohuo NASA ilikuwa inatengeneza chombo kipya cha kurushwa na kurudi, kitakachobeba si marubani wa kijeshi tu bali wanasayansi na wahandisi, na kwa mara ya kwanza ilitangaza kuwa inapokea maombi ya wanawake na ya watu wa jamii zilizokuwa zimeachwa nje. Tangazo lilitoka mwaka 1976, mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Juni 1977, na miezi ya mwanzo wale waliokusudiwa hawakujitokeza kwa wingi. Sababu si ngumu kuielewa. Kama umeona kwa miaka 15 kwamba wote wanaopanda roketi ni wanaume weupe wenye nywele fupi, barua moja ya kukukaribisha haitoshi kukufanya uamini.

Nichols aliwaambia jambo hilo usoni, katika hotuba aliyoitoa mapema mwaka 1977, na badala ya kuudhika wakampa kazi. Kupitia kampuni yake, Women in Motion, alipewa mkataba wa kuwatafuta waombaji, akazunguka vyuo vikuu, vyama vya wataalamu na studio za runinga kwa muda wa miezi minne hivi. Ipo filamu fupi ya tangazo ambamo anatembea ndani ya kituo cha mafunzo amevaa ovaroli ya bluu ya NASA, akiangalia kamera moja kwa moja na kuwaambia watu wa kila rangi, wanawake kwa wanaume, kwamba nafasi hizo ni zao. Itafute. Utaona kitu ambacho tamthilia haikumruhusu kamwe: anazungumza dakika kadhaa bila kukatizwa na nahodha.

Maombi yalipofungwa idadi ya waombaji ilikuwa zaidi ya 8,000. Januari 1978 wakatangazwa 35 waliochaguliwa. Kati yao wanawake walikuwa sita, akiwamo Sally Ride, ambaye Juni 1983 akawa Mmarekani wa kwanza wa kike kwenda anga za juu. Na wanaume weusi watatu, akiwamo Guion Bluford, aliyeruka Agosti mwaka huohuo. Katika kundi hilo hilo walikuwamo Judith Resnik, Ronald McNair na Ellison Onizuka, waliokufa pamoja na wenzao katika ajali ya chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Wanaoandika habari za Nichols kwa furaha tupu huruka mstari huu. Sidhani yeye aliuruka.

Kwa ajili ya ndugu Mkosoaji, nitasema mwenyewe kabla hajanikumbusha: si haki kudai kwamba yeye ndiye aliyewaleta wote 35. Sally Ride, kwa mfano, aliona tangazo katika gazeti la wanafunzi wa Stanford. Milango ilikuwa imeshafunguliwa na sheria za usawa katika ajira na pia na NASA yenyewe. Alichofanya Nichols ni kuwashawishi watu kwamba mlango ulio wazi hauna mtego nyuma yake, na hiyo ni kazi ambayo mhandisi hawezi kuifanya hata umpe michoro yote ya dunia.

Kisha kuna Mae Jemison. Alikuwa mtoto Chicago, akamtazama Uhura, akasoma udaktari na uhandisi, akachaguliwa na NASA mwaka 1987, na Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, ndani ya chombo cha Endeavour. Huko juu alikuwa na desturi ya kuanza zamu yake kwa kuwaambia waliobaki duniani kwamba masafa ya mawasiliano yako wazi. Yale maneno ambayo mwigizaji aliyachoka, ambayo karibu yamfanye aache kazi, yalisemwa na mwanaanga wa kweli katika redio ya kweli. Mwaka uliofuata Jemison mwenyewe akaingia katika tamthilia iliyorithi ile ya kwanza, kwa sehemu fupi, na Nichols akafika studio siku ya kurekodi kumtazama.

---

Mtazamaji wa Usiku amejibu:

Nimeshiba, na sikutegemea. Dada au kaka Fundi, sehemu yako ndiyo iliyofungua fundo langu. Nilikuwa natafuta ukubwa wake ndani ya skrini, kumbe sehemu kubwa iko nje. Nina swali dogo la mwisho: uzee wake ulikuwaje? Nimeona habari za kugombaniwa kwake nikasita kuzisoma. Na kwa kuwa nimefika msimu wa kwanza katikati, mnanishauri nisubiri kipindi gani?

---

Mchambuzi Taratibu amejibu:

Nitaeleza kwa ufupi, kwa kuwa mengine ni ya familia. Alirudi kuwa Uhura katika filamu sita, kuanzia 1979 hadi 1991, na mhusika akapandishwa cheo hadi kamanda. Mwaka 1992 akapata nyota yake katika njia ya mashuhuri ya Hollywood. Alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1994. Mwaka 2015 alipata kiharusi kidogo, lakini Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82, alipanda ile ndege ya NASA iliyobeba darubini, SOFIA, akakesha angani na wanasayansi. Baadaye akili ilianza kumtoka, na ndipo mashauri ya nani amtunze yakafika mahakamani, jambo lililowahuzunisha waliompenda. Alifariki tarehe 30 Julai 2022 katika mji wa Silver City, New Mexico, akiwa na miaka 89.

Tarehe 8 Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilipandishwa angani kutoka Florida, pamoja na ya Roddenberry na ya waigizaji wenzake wawili, James Doohan na DeForest Kelley. Roketi iliyowabeba inaitwa Vulcan, jina la sayari ya yule mwenye masikio yaliyochongoka, na waliounda roketi hawakuiita hivyo kwa ajili yao.

---

Mpenda Lugha amejibu:

Kuhusu kipindi, subiri msimu wa pili, kile kilichorushwa tarehe 29 Septemba 1967. Mtambo mmoja unamfutia Uhura kumbukumbu zote, ikabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Ongeza sauti hapo. Muuguzi ameketi naye, maneno ya Kiingereza yako kwenye skrini, na Uhura anapokwama anafoka kwa Kiswahili, hadi muuguzi anamwomba arudi kwenye Kiingereza. Kisha anafika kwenye lile neno la Kiingereza la rangi ya bluu, ambalo herufi yake ya mwisho huandikwa lakini haitamkwi. Muuguzi anamsahihisha. Lakini Uhura ameshalitamka kama ambavyo mtoto yeyote wa kwetu angelitamka, kila irabu kwa sauti yake: blu-e.